Mwenye usonji naye apunge upepo

Mama mmoja mkazi wa Mombasa alinijia majuzi na mwanawe wa miaka 9 mwenye usonji. Kilichomleta ni kikohozi cha mtoto, lakini katika mazungumzo nilimuuliza kijana huyo huenda kucheza wapi. Mama alinyamaza kidogo, kisha akanijibu: "Daktari, huyu hutoka nyumbani akija kwako tu."

Mara ya mwisho walipotoka, alinieleza, mtoto alijitupa chini sokoni, akaziba masikio na kupiga mayowe. Watu wakawazunguka. Mmoja akasema ana pepo, mwingine akasema amekosa kiboko. Tangu siku hiyo mama aliona heri amweke ndani.

Kikohozi kilikuwa kidogo. Hilo la pili ndilo lililonishughulisha, nami najua kwamba wazazi wengi wasomao ukurasa huu wamo katika hali hiyo hiyo.

Sauti zote kwa pamoja

Usonji hauambukizi, si laana, wala hauletwi na malezi mabaya. Ni hali ya ukuaji wa ubongo ambayo huanza mapema maishani na humfuata mtu hadi uzeeni. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Baadhi yao husema vizuri na kufanya kazi zao. Wengine hawasemi kabisa na huhitaji msaada kila siku.

Wewe na mimi tukiketi mkahawani, ubongo hutuchujia sauti. Twamsikia anenaye nasi, na kelele za vikombe na matatu zikabaki nyuma. Kwa watu wengi wenye usonji mchujo huo haufanyi kazi vivyo hivyo. Honi, mwanga, harufu ya samaki na bega la mpita njia vyote humjia kwa nguvu moja na kwa wakati mmoja. Tangu mwaka 2013, mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani, unaotumiwa katika nchi nyingi, umeitaja hali hiyo miongoni mwa dalili za usonji. Isitoshe, mabadiliko ya ghafla humtia hofu mtu wa aina hii kuliko tunavyodhani.

Kwa hivyo mtoto yule hakuwa na ukaidi. Alikuwa amelemewa.

Kwa nini ufukweni

Mombasa, mahali ninapopapendekeza ni Mama Ngina, ule ukingo wa kusini wa kisiwa unaoanzia karibu na kivuko cha Likoni na kuelekea Lighthouse. Palikarabatiwa, na tarehe 20 Oktoba, 2019 pakafanyiwa sherehe za kitaifa za Mashujaa. Pana njia za miguu zilizosakafiwa, viti na mibuyu mikongwe.

Njia hufuata bahari, kwa hivyo ni rahisi kuielewa: waenda, wageuka, warudi ulikotoka. Mawimbi hurudia sauti ile ile. Ajaye mbele huonekana kabla hajafika. Mibuyu nayo ni alama nzuri kwa mtoto apendaye kujua safari inaishia wapi.

Hata hivyo, mahali hapo hapo hugeuka kulingana na saa. Jioni, hasa Jumapili na siku za Idi, hujaa watu, muziki, na moshi wa wakaanga mihogo na viazi karai. Kwa mwenye usonji, saa ya kwenda ina uzito kuliko mahali penyewe. Nenda siku ya kazi, kati ya saa 12 na nusu na saa 2 asubuhi, kabla ya jua kali.

Jitayarishe kabla

Kwanza, mzazi aende peke yake, aone penye ngazi, kelele na kivuli. Pili, mweleze mtoto tangu jana yake. Asiyefuata maneno mwonyeshe picha kwa mpangilio: viatu, tuktuk, mbuyu, bahari, nyumbani. Picha ya mwisho ni muhimu, maana humhakikishia kwamba safari ina mwisho.

Safari ya kwanza isizidi dakika 15. Geukeni mapema, angali amefurahi. Wiki ijayo nendeni siku ile ile, saa ile ile, njia ile ile, kisha mwongeze kidogo kidogo. Kinachokuchosha wewe kwa kujirudia ndicho kimtulizacho yeye.

Chukueni maji ya kunywa, kofia na vifunika masikio. Meli ziingiazo bandari ya Kilindini hupita karibu na ufuko na huenda zikapiga honi, basi ukiiona meli mwambie mapema. Miezi ya kusi upepo huwa mkali, na wapo wasiovumilia kuguswa nao usoni. Kadhalika, baadhi ya dawa za kutuliza hudhoofisha uwezo wa mwili kustahimili joto. Kama mwanao anatumia dawa, muulize daktari wake kwanza.

Wala tusidanganyane: kutembea hakuponyi usonji, na hakuna dawa iuponyayo. Lakini tafiti kadhaa zimeonyesha kwamba mazoezi ya mwili huweza kupunguza kwa muda mienendo ya kujirudiarudia. Mzazi naye, ambaye aghalabu husahauliwa, hupata kupumua.

Maji hayana mzaha

Hapa naomba msomaji asome polepole. Watoto wenye usonji huponyoka. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2012 katika jarida la Pediatrics uliwahusu watoto 1,218 wenye usonji, na karibu nusu yao walikuwa wamejaribu kutoroka angalau mara moja baada ya kutimiza miaka 4. Wengi wao huvutwa na maji, na kuzama ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya watoto wanaoponyoka hivyo.

Mama Ngina iko juu ya majabali, na chini yake mkondo una nguvu. Kwa hivyo kila mtoto awe na mtu mzima wake, asiyeshika simu. Mtu huyo atembee upande wa bahari, mtoto upande wa barabara ya miguu. Usitegemee ukuta wala reli. Mtoto avae kitambulisho chenye namba ya simu ya mzazi. Akipotea, kimbilia majini kwanza. Kwingine kutatafutwa baadaye. Kifafa nacho huwapata watu wenye usonji zaidi ya wengine, na mwenye kifafa asikaribie ukingo hata kidogo. Hatimaye, mtafutie mwalimu wa kuogelea aliye mvumilivu.

Akilemewa njiani

Usimkemee, usimpige, wala usimwulize maswali mengi. Sema maneno machache kwa sauti ya chini. Msogeze mbali na kelele na mbali na maji, kisha ngoja. Wimbi hilo hupita. Likishapita, rudini nyumbani bila lawama.

Haya yote yanawahusu watu wazima pia. Mtoto mwenye usonji hukua, na kijana wa miaka 25 huhitaji hewa safi kama mdogo wake. Mkazi wa Kisumu aweza kufuata utaratibu huo huo ziwani, mradi akumbuke kwamba huko kuna viboko.

Mama yule alinifuata ushauri. Jumanne moja asubuhi walitembea hadi mbuyu wa tatu wakarudi, dakika 12 kwa jumla. Meli ilipita, mtoto akaziba masikio, akaitazama hadi ikapotea. Jumanne iliyofuata, aliniambia, mtoto mwenyewe ndiye aliyeleta viatu.

Na wewe msomaji usiye na mtoto wa aina hii, una sehemu yako. Siku ukimwona mama ameketi chini njiani na mtoto anayelia, usiwazunguke wala usimfundishe kazi. Wapishe njia, uwazuie wengine wasisogee, na umwulize mama kwa upole kama anahitaji chochote.