Gari la Kifahari Lililokwisha Tumika: Bei ya Kulinunua na Bei ya Kuishi Nalo

Aliyehudhuria harusi au hitima siku hizi katika miji yetu hapa Uingereza ameona mabadiliko kwenye maegesho. Pale palipojaa Nissan Micra na Toyota Yaris, sasa zimeanza kusimama Mercedes, BMW na Lexus. Hatuoni ubaya wowote. Aliyeamka alfajiri kwenda kazini miaka nenda miaka rudi anastahiki kiti kizuri, na wazazi wetu wenye magoti mabovu hushukuru wakipata gari pana. Tena wengi wetu tulikulia mahali ambapo Peugeot 504 ndilo lililokuwa gari la wakubwa, na hamu ile ya utotoni haijatutoka.

Hata hivyo, ndugu wasomaji, kuna jambo moja ambalo mwenye kutoka katika gari dogo hulikuta baada ya kununua, nalo ni kwamba bei ya gari hushuka lakini gharama zake hazishuki pamoja nayo. Mercedes S-Class la mwaka 2010 lilipokuwa jipya liliuzwa kwa zaidi ya pauni 50,000. Leo huweza kupatikana kwa bei ya Yaris lenye umri wa miaka michache. Mnunuzi huona ameokota dhahabu. Lakini gari lile halikukalia springi za kawaida, limekalia mifuko ya hewa yenye pampu yake, na mfuko ukipasuka kipuri chake hudaiwa kwa kipimo cha gari la pauni 50,000. Yaris halina kitu hicho cha kuharibika.

Serikali nayo hukumbuka bei ya kwanza. Gari lililosajiliwa tangu tarehe 1 Aprili 2017, ambalo bei yake likiwa jipya ilizidi pauni 40,000, hutozwa nyongeza ya kodi ya barabara, zaidi ya pauni 400 kwa mwaka, kwa miaka mitano kuanzia mwaka wake wa pili. Haidhuru wewe umelinunua kwa pauni ngapi. Kwa magari ya kabla ya tarehe hiyo huangaliwa moshi. Lile lenye injini kubwa lililosajiliwa tangu tarehe 23 Machi 2006 huweza kudaiwa zaidi ya pauni 700 kila mwaka, ilhali pacha wake aliyesajiliwa wiki moja kabla hudaiwa kidogo sana kuliko hivyo. Basi tarehe iliyo katika kadi ya gari isomwe kabla ya kutazama rangi. Mkaazi wa London aongeze swali jingine: gari la dizeli lisilofikia kiwango cha Euro 6 hulipa pauni 12.50 kwa kila siku linapotembea, na tangu Agosti 2023 sheria hiyo imeenea katika mitaa yote ya jiji.

Miongoni mwa BMW 520d, zile za kati ya mwaka 2007 na 2011 zinajulikana kwa mafundi kwa cheni ya injini inayochakaa mapema. Cheni hiyo imewekwa nyuma, upande wa gia, hata kuifikia ni kazi ya kuteremsha mashine. Sisi tungelipita.

Tukiulizwa tuchague, tungeelekea Lexus IS 300h, lililouzwa hapa kuanzia 2013 hadi 2020. Lina injini ya petroli ikisaidiwa na mota ya umeme, halina tabo wala klachi. La mwaka 2016 hulipa kodi ya chini ya pauni 50. Ndugu yake wa 2018 hulipa karibu pauni 200. Kiti cha nyuma ni chembamba kidogo, tukubali. Familia ya watoto watatu wakubwa itabanana.

Rekodi ya ukaguzi wa kila mwaka, yaani MOT, husomwa bure katika tovuti ya serikali kwa kutumia namba ya gari. Humo mna maili za kila mwaka na maonyo ya wakaguzi. Onyo likirudiwa miaka mitatu, mwenye gari hakulitunza. Tuhakikishe pia kwamba gari halidaiwi na kampuni ya mikopo, na tuulize bei ya bima kabla ya kutoa amana.

Matangazo mengi ya magari haya hayataji bei, hutaja malipo ya mwezi, na ndani yake imo riba. Mwenye kuiepuka atasubiri akusanye fedha taslimu. Ushauri wetu ni asitoe zote: theluthi moja ibaki kwa matengenezo ya mwaka wa kwanza, isije ikawa pampu ya hewa inalipwa kwa fedha za matumizi ya mama nyumbani au ada ya madrasa.

Siku ya kulitazama twende asubuhi, tumwombe muuzaji asiliwashe kabla hatujafika. Tuguse boneti, ikiwa ya moto, tuulize sababu. Tusikilize sekunde za mwanzo, kwani cheni iliyolegea hulia injini ikiwa baridi. Kisha tubonyeze kila kitufe, cha viti, cha madirisha, cha kiyoyozi, kimoja baada ya kimoja, hata muuzaji akichoka kusimama.