Ligi ya Mtaa na Uwanja Wake: Funzo la Mathare

Chama cha michezo cha vijana wa Mathare, kinachofahamika zaidi kwa kifupi chake MYSA, kilianza Nairobi mwaka 1987 kikiwa ligi ndogo ya watoto waliozoea kupiga mpira wa makaratasi ya nailoni uliofungwa kwa kamba. Mwanzilishi wake, Bob Munro, Mkanada aliyekuwa mshauri wa maendeleo na mazingira, aliwaahidi mipira, marefa na ratiba. Sharti lilikuwa moja: nao wafanye kitu kwa ajili ya mtaa wao.

Kitu hicho kilikuwa takataka. Mitaro ya Mathare ilikuwa imeziba, na maji machafu yalituama milangoni pa watu. Basi usafi ukaingizwa ndani ya kanuni za ligi yenyewe. Timu inayoshinda mechi hupata pointi 3. Inayotimiza zamu yake ya kuzoa taka na kuzibua mitaro hupata 6. Kwa hesabu hiyo timu yenye wafungaji hodari inaweza kukosa ubingwa kwa sababu tu haikutokea siku ya kazi. Hapa ndipo programu nyingi hujikwaa: usafi, nidhamu na masomo husifiwa na mgeni rasmi kwenye ufunguzi, lakini msimamo wa ligi huhesabu mabao peke yake, na kijana hufuata kinachohesabiwa. Kwa kuunganisha soka na usafi, mwaka 1992 MYSA ilitunukiwa tuzo ya Global 500 na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP.

Nidhamu nayo iliwekewa utaratibu. Mbali na kadi ya njano na nyekundu, ipo kadi ya kijani, anayopewa mchezaji aliyeonyesha uungwana kuliko wenzake. Aliyelimwa nyekundu hakai tu nje akisubiri adhabu iishe. Hutakiwa kuchezesha mechi za watoto wadogo kabla ya kurudi uwanjani. Ni adhabu ya busara, maana anayemzomea refa kila wiki haijui kazi hiyo mpaka ashike filimbi mwenyewe.

Uongozi wa ligi uko mikononi mwa vijana, wengi wao bado wa umri wa shule. Kamati za kanda hupanga ratiba, husikiliza malalamiko na kusimamia usafi. Anayejitolea hujikusanyia pointi, na wenye pointi nyingi hupata msaada wa karo, unaolipwa moja kwa moja shuleni. Njia hiyo huzuia fedha kupotelea njiani, na pia humwepusha kijana na shinikizo la kuzigawa nyumbani ambako mahitaji hayaishi.

Soka la wasichana lilichelewa hadi mwaka 1992, na halikupokelewa kwa shangwe na kila mvulana. Kikwazo kikubwa zaidi kilikuwa nyumbani. Msichana anayechota maji, kupika na kulea wadogo zake hawezi kufika kwenye mechi iliyopangwa bila kujali saa hizo, na mzazi wake hatamruhusu arudi gizani. Ratiba inayogawa uwanja kwa usawa wa karatasi tu humnyima nafasi hata kama jina lake limo kwenye orodha.

Mwaka 1994 chama kilizaa klabu ya watu wazima, Mathare United, iliyotwaa ubingwa wa ligi kuu ya Kenya mwaka 2008. Sifa hiyo ndiyo iliyosikika mbali, ingawa kazi ngumu hufanyika chini zaidi: kuhakiki umri kwa cheti cha kuzaliwa, kupata idhini ya mzazi, kuandika ripoti ya kila mechi, kuhakikisha sanduku la huduma ya kwanza lipo, na kutomwacha kocha yeyote peke yake na mtoto faraghani.

Kiwanja chenyewe hudai matunzo yake. Nyasi zinazochezewa kutwa nzima hufa, kwa hiyo ratiba lazima iwe na siku za kupumzisha ardhi. Changarawe hustahimili zaidi lakini huchuna magoti, na bila mifereji ya maji mvua moja huharibu wiki nzima ya mechi. Goli la kuhamishika lazima lishikiliwe chini. Lisiposhikiliwa huanguka, na magoli ya namna hiyo yamewahi kuua watoto katika nchi mbalimbali.

Hayo yote vijana wanaweza kuyasimamia. Wasichoweza kukilinda kwa pointi ni ardhi. Katika miji ya Kenya viwanja vya umma vimemegwa mara nyingi, leo kibanda, kesho ukuta, kesho kutwa hati yenye jina la mtu binafsi. Katiba ya mwaka 2010 imezikabidhi serikali za kaunti jukumu la vifaa vya michezo, bustani na mahali pa burudani, lakini jukumu la kwenye karatasi halimzuii mnyakuzi ikiwa kiwanja hakijapimwa wala kusajiliwa. Kabla ya kuchangisha fedha za jezi na makombe, wakazi waende kwanza ofisi ya ardhi, waulize uwanja wa mtaa wao umeandikishwa kwa jina la nani.