Jeraha Dogo Lisidharauliwe

Barabara itokayo Mbeya kwenda Kyela hupita Tukuyu, mji uliokaa miteremkoni mwa Mlima Rungwe, katika nchi ya migomba, chai na mvua nyingi. Mgonjwa wa Rungwe aliyepasuliwa tumbo katika hospitali kubwa ya Mbeya au Dar es Salaam hurejea kwa basi mpaka Tukuyu, kisha hupanda pikipiki katika njia ya tope mpaka kijijini kwake. Tangu hapo jeraha lake huwa ni lake peke yake. Jambo hili si geni kwetu visiwani, kwani mtu wa Tumbatu aliyepasuliwa mjini naye huvuka bahari na mshono wake tumboni.

Siku hizi wapo wanaopasuliwa bila ya mkato mrefu. Daktari hutoboa matundu matatu au manne, kila moja la sentimita moja hivi au pungufu, hulijaza tumbo hewa ya kaboni dayoksaidi, kisha huingiza kamera na vyombo vyembamba. Mwaka 1985 daktari wa Kijerumani, Erich Mühe, alikitoa kifuko cha nyongo kwa njia hiyo, na tangu hapo imeenea duniani. Hapana shaka kwamba ni neema: maumivu ni machache, siku za kulala wodini ni chache, na majeraha yanayooza ni machache kuliko ya mkato mrefu. Lakini neema hiyo hiyo huzaa ghururi. Mtu aliyeambiwa kwamba katobolewa tu hujiona hakupasuliwa.

Mwaka 2003 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika Hospitali ya KCMC, Moshi. Kati ya wagonjwa 396 waliopasuliwa, 77 walipata uambukizo wa jeraha, na 28 katika hao uambukizo wao ulidhihirika baada ya kwisha kuruhusiwa kwenda nyumbani. Uchunguzi huo haukuwa wa matundu madogo. Lakini ikiwa yule aliyekaa wodini siku nyingi usaha ulimtokea nyumbani, itakuwaje kwa huyu anayeruhusiwa kesho yake?

Mahali pa kuangaliwa zaidi ni kitovuni, ambapo mara nyingi ndipo hutolewa kiungo kilichokatwa. Wekundu unaoenea, joto, uvimbe, usaha, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, au homa, ni dalili za kumrejesha mgonjwa kwa tabibu siku hiyo hiyo. Kuna na uambukizo wa hila zaidi, unaoletwa na vijidudu viishivyo majini, jamaa wa vile vya kifua kikuu. Jeraha hufunga vizuri, kila mtu akashukuru, kisha baada ya wiki tatu, nne au zaidi hutokea kivimbe kinachotoa maji. Dawa za kawaida haziviwezi, na tiba yake huchukua miezi. Chanzo chake mara nyingi ni vyombo vyenyewe: vina maungio membamba yanayoficha damu, na visipofunguliwa na kusuguliwa, au vikichovywa katika dawa kwa dakika chache kisha vikasuuzwa kwa maji ya bomba, haviwi vimetakasika. Hapo mgonjwa hana kosa lolote.

Tundu kubwa lisiposhonwa barabara ndani huweza pia kuacha ngiri. Mwenye tundu kitovuni akirudi mapema kubeba mikungu ya ndizi au kapu la majani ya chai hujitia hatarini. Akivimba tumbo, akatapika na asitoe upepo, huenda utumbo umenasa. Huyo hangoji asubuhi.

Huko nyumbani kila mtu ni mganga. Huyu hufungua kapsuli akanyunyiza unga wake juu ya jeraha, yule hupaka majivu. Wengine hufungua bandeji kila sala ili watie udhu, ilhali fiqhi ina mlango wake kwa mwenye bandeji: huosha palipo pazima, hupangusa juu ya bandeji kwa maji, na akatayamamu. Tungependa walimu wetu walieleze jambo hili misikitini.

Kwa upande wa viongozi, wasiseme kwamba usalama wa upasuaji ni anasa ya nchi tajiri. Orodha ya ukaguzi ya Shirika la Afya Duniani ilijaribiwa mwaka 2007 na 2008 katika hospitali nane duniani, mojawapo ikiwa ya Ifakara, hapa hapa Tanzania. Kwa jumla ya hospitali hizo, uambukizo wa majeraha ulishuka kutoka asilimia 6.2 hadi 3.4. Iliyotumika ni karatasi, na watu waliokubali kuulizana kwa sauti kabla ya kisu.

Karatasi ya pili ndiyo tunayoidai sasa. Kila anayetoka wodini apewe barua ya kupeleka zahanati ya karibu na kwake, ikitaja upasuaji aliofanyiwa, tarehe, idadi ya matundu, siku ya kukaguliwa jeraha, na simu ya wodi ambayo hupokelewa. Hospitali nayo ihesabu majeraha yaliyoharibika mpaka siku ya 30, si mpaka siku mgonjwa alipotoka getini. Waganga Wakuu wa Wilaya, wa Rungwe na wa visiwani, wanaweza kulianza jambo hili bila ya kungoja bajeti mpya.