Kikohozi Kisichopona na Vumbi la Popo: Histoplasmosisi Katika Kanda ya Ziwa

Kando ya barabara iendayo Musoma, kuanzia Kisesa na Nyanguge hadi Magu mjini, hakuna mhudumu wa afya asiyemfahamu mgonjwa wa aina hii. Amekohoa zaidi ya mwezi. Jioni hupandwa na homa, usiku hulowa jasho, na nguo alizonunua mwaka jana sasa zinampwaya. Makohozi yamepimwa kwa mashine ya GeneXpert, vimelea vya kifua kikuu havikuonekana. Picha ya kifua ina madoadoa. Daktari, kwa kuzingatia dalili na picha, anamwanzishia dawa za kifua kikuu, na huo ni uamuzi wa busara, kwa kuwa kifua kikuu ndicho kinachoua wengi na hakisubiri. Lakini mwezi wa pili unakwisha, na mgonjwa hajapata nafuu. Nyumbani maneno yameanza: wengine wanasema hamezi dawa, wengine wanasema amerogwa.

Mgonjwa huyo huenda ana kifua kikuu sugu, au saratani, au nimonia ya namna nyingine. Yapo pia maradhi ambayo jina lake halitamkwi mara nyingi katika vyumba vyetu vya daktari, nayo ndiyo kiini cha makala haya: histoplasmosisi, ugonjwa wa mapafu uletwao na kuvu iishiyo udongoni.

Historia ya ugonjwa huu ilianza kwa kufananishwa na kifua kikuu. Mwaka 1905 daktari wa Kimarekani, Samuel Darling, akifanya kazi Panama wakati mfereji ukichimbwa, aliupasua mwili wa mfanyakazi aliyetoka kisiwa cha Martinique. Mapafu yalikuwa yametapakaa vijivimbe vidogo mithili ya mtama, kama yaonekanavyo mapafu ya mgonjwa wa kifua kikuu kilichosambaa. Chini ya hadubini Darling hakuona bakteria wa kifua kikuu. Aliona vijidudu vya mviringo vimejazana ndani ya seli, akadhani ni vimelea jamaa ya vile vya malale na kala-azar, akaviita Histoplasma capsulatum. Miaka michache baadaye Henrique da Rocha Lima wa Brazili alionyesha kuwa vinafanana zaidi na kuvu. Kwa hiyo jina lenyewe limebeba kosa mpaka leo: mdudu huyu si kimelea alichodhani Darling, wala hana ganda lile linalotajwa katika neno la pili la jina lake.

Msomaji asidhani kwamba hayo ni mambo ya Amerika. Mwaka 1960 Ajello, Manson-Bahr na Moore walichapisha taarifa kuwa kuvu hii imepatikana katika mapango ya Amboni, mkoani Tanga. Mapango hayo yana popo wengi, na huko ndiko penye siri ya jambo lote.

Kuvu hii hustawi katika udongo uliorutubishwa kwa kinyesi cha popo na cha ndege. Popo wenyewe huambukizwa na huitoa kuvu katika kinyesi chao, hivyo wanaihamisha kutoka maskani moja hadi nyingine. Ndege hawaambukizwi, kwa kuwa joto la miili yao ni kubwa mno kwa kuvu hii. Wao huiandalia mbolea tu. Ikiwa udongoni huota nyuzinyuzi na kutoa chembe ndogo mno za uzazi. Udongo ukichokorwa au kinyesi kikavu kikifagiliwa, chembe hizo hupaa na vumbi, na mtu huzivuta hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu. Humo, katika joto la nyuzi 37, kuvu hubadili umbo kabisa na kuwa hamira, kisha huingia ndani ya seli za kinga zile zile zilizotumwa kuila, ikaishi humo na kuzaana. Ni adui anayepanga chumba katika nyumba ya askari.

Sisemi kwamba kila paa la Magu lina kuvu hii. Nasema mazingira inayoyapenda tunaishi nayo. Yapo majabali yetu yenye nyufa ambamo popo hulala mchana. Yapo mapaa ya shule, makanisa na misikiti ambayo dari zake hazijafunguliwa kwa miaka. Yapo magodauni ya zamani ya pamba yaliyobaki matupu, na mabanda ya kuku ambayo samadi yake hukusanywa kiangazi na kupelekwa bustanini. Ipo pia miti mikubwa yenye uwazi ndani, ambayo watoto hupenda kuingia. Mwaka 2011 wanafunzi wa biolojia waliokwenda kujifunza katika msitu wa mvua nchini Uganda waliingia ndani ya mti wa namna hiyo uliojaa popo. Waliporudi makwao katika nchi mbalimbali, wengi wao waliugua homa na kikohozi, picha za vifua zikaonyesha madoa, na madaktari wao wakahangaika kabla ya kuunganisha habari zao na kugundua kuwa wote walipita ndani ya mti mmoja.

Wengi wanaovuta chembe chache hawaugui kabisa, au hupata mafua ya siku kadhaa na kusahau. Aliyevuta nyingi kwa mara moja huanza kuumwa kati ya siku 3 na 17: homa, maumivu ya kichwa, kikohozi kikavu, kifua kubana. Mwenye mapafu yaliyokwisha kuharibika, hasa mvutaji sigara wa miaka mingi, huweza kupata aina sugu inayotoboa mashimo sehemu za juu za mapafu, na hapo hata mtaalamu wa picha atasema kifua kikuu. Ugonjwa huu hauambukizwi kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu. Mgonjwa asitengewe kikombe wala chumba kwa sababu yake.

Hatari kubwa iko kwa mwenye kinga dhaifu, na hapa jambo linatugusa kwa karibu. Kisesa, ndani ya wilaya hii ya Magu, wananchi wamekuwa wakishiriki tangu mwaka 1994 katika ufuatiliaji wa muda mrefu wa VVU chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kituo cha Mwanza. Dawa za kufubaza VVU zimebadili maisha ya wengi, lakini bado wapo wanaofika kliniki wakiwa wamechelewa, au walioacha dawa na kurudi seli za CD4 zikiwa chini ya 200. Kwao kuvu hutoka mapafuni na kusambaa mwilini. Ini na wengu huvimba, damu hupungua, vidonda hutokea mdomoni, na vipele huota usoni na kifuani. Asipotibiwa, mgonjwa wa aina hii hufa. Na Afrika ina aina nyingine ya kuvu hii, iitwayo duboisii, inayopenda ngozi na mifupa. Uvimbe wake wa mfupa hudhaniwa kuwa kifua kikuu cha mifupa au saratani.

Je, unagunduliwaje? Kwa kuufikiria kwanza. Huko Moshi watafiti walipima sampuli zilizohifadhiwa za wagonjwa waliokuwa wamelazwa kwa homa, wakakuta wachache, chini ya asilimia mbili, wenye histoplasmosisi. Idadi ni ndogo, lakini kila mmoja wao alikuwa mtu aliyelala kitandani na homa yenye dawa. Kipimo kinachofaa zaidi kwa ugonjwa uliosambaa ni cha antijeni katika mkojo. Shirika la Afya Duniani lilikiingiza katika orodha ya vipimo muhimu mwaka 2019, na mwaka 2022 likaiweka Histoplasma katika kundi la pili kwa uzito kati ya kuvu zinazotishia afya. Pasipo kipimo hicho, kipande cha ngozi au cha tezi, au uboho, vikipelekwa kwa mtaalamu wa patholojia huweza kuonyesha hamira zile ndani ya seli. Ombi la kipimo liandikwe wazi: tafuta kuvu. Mtaalamu asiyeambiwa huenda asitumie rangi zinazohitajika.

Tiba ipo. Mgonjwa mahututi huanzishiwa amfoterisini B ya sindano, kisha itrakonazoli ya vidonge. Mwenye VVU kwa kawaida huendelea nayo mwaka mmoja, huku akitumia dawa za kufubaza virusi. Flukonazoli, ambayo sote tunayo kabatini, ni dhaifu kwa kuvu hii. Kapsuli za itrakonazoli zimezwe pamoja na chakula, na mgonjwa asitumie nazo dawa za kupunguza asidi tumboni. Mjamzito na mwenye moyo ulioshindwa kazi wamweleze daktari mapema. Halafu kuna rifampisini, nguzo ya tiba ya kifua kikuu: inaivunja itrakonazoli mwilini hata isibaki ya kutosha. Anayetibiwa maradhi yote mawili lazima apangiwe upya dawa na daktari bingwa, wala vidonge visiongezwe tu juu ya vingine.

Kwa walimu, wazee wa kanisa na wafugaji wa kuku wanaouliza wafanye nini: kinyesi kikavu kisifagiliwe kikiwa kikavu. Kinyunyiziwe maji taratibu mpaka kilowe, kikusanywe kwa koleo, kifungwe katika mifuko na kufukiwa. Anayefanya kazi hiyo avae barakoa nene inayobana uso, ile wanayovaa wahudumu wa wodi ya kifua kikuu. Kitambaa hakizuii chembe hizi. Wanafunzi wasipewe kazi ya kusafisha dari. Mwenye VVU aliyeanza dawa karibuni, na anayetumia dawa zinazoshusha kinga, wamwachie mwingine banda. Popo wasiuawe, kwani hula wadudu wa mashamba yetu. Matundu ya paa yazibwe jioni baada ya wao kutoka, na si katika majira wanaponyonyesha, maana watoto wao watafia ndani.