Kofia ya pili

Ukitaka kutoka Kimuli, huku kwetu vijijini Tanzania, na mzigo, huna haja ya kuwasha intaneti. Unampigia yule kijana wa bodaboda aliyekubeba juzi: "Kaka, niko hapa dukani, njoo na kamba." Gunia la kahawa ya maganda linafungwa nyuma, nawe unabanwa katikati. Kofia ngumu, kama ipo, ni moja, na mara nyingi utaikuta inaning'inia kwenye usukani.

Ni kofia hiyo iliyozaa kampuni. Mwaka 2014, mjini Kampala, Ricky Rapa Thomson, aliyewahi kuendesha bodaboda mwenyewe, alianzisha SafeBoda pamoja na Alastair Sussock na Maxime Dieudonné. Dereva wao alipewa mafunzo ya usalama, kizibao cha rangi ya chungwa na kofia mbili, ya pili ikiwa ya abiria. Abiria alipewa hata kikofia chepesi cha kuvaa ndani. Aliyetoka saluni asubuhi anajua kwa nini.

Programu ya simu kazi yake ni ya kidalali. Inasoma mahali ulipo, inamtafuta dereva wa karibu, inakadiria nauli kabla hujapanda, kisha kampuni inakata chake. Biashara hiyo inataka msongamano: abiria wengi na madereva wengi ndani ya eneo dogo, ili dereva asichome mafuta bure akimfuata mtu mmoja. Kampala upo, na ndiyo maana mwaka 2018 Uber na Taxify, ambayo sasa ni Bolt, nazo ziliingia kwenye bodaboda. Mwaka huohuo SafeBoda ikavuka mpaka kwenda Nairobi. Korona ikapunguza abiria, na mwishoni mwa 2020 SafeBoda ikafunga huduma zake huko.

Kwetu Tanzania vita kubwa ilikuwa juu ya kamisheni, yaani kile kinachokatwa na kampuni. Mwaka 2022 LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri ardhini, iliweka kikomo cha asilimia 15. Aprili, Uber ikasimamisha huduma. Ilirejea Januari 2023, baada ya kikomo kupandishwa hadi asilimia 25. Chukua safari ya shilingi 3,000: kwa asilimia 15 dereva anakatwa 450, kwa asilimia 25 anakatwa 750. Na hapo hajatia mafuta, wala hajampelekea mwenye pikipiki hesabu ya siku.

Sasa rudi Kimuli. Vijiji vimetawanyika kwenye migomba na vilima, na safari ya kwenda Nkwenda au Murongo mpakani mara nyingi humrudisha dereva bila abiria. Nauli inapanda mvua ikinyesha, inapanda tena usiku, na hupangwa kwa maneno mawili matatu pale pale. Dalali wa kwenye simu angekata nini hapo? Uaminifu ambao kampuni ya mjini huununua kwa alama za nyota, kijiwe kinao tayari: dereva anajulikana kwao, mama yake anajulikana, na aliyemdhulumu abiria anasemwa gulioni.

Ila kujuana hakuzuii fuvu kupasuka. Kwa hiyo katika mambo yote ya Kampala, ningechukua kofia ya pili tu. Haihitaji satelaiti wala kamisheni. Inahitaji mnunuzi, ambaye kwa haki angekuwa mwenye pikipiki, na mahali pa kuifunga siku ambayo gunia limeshachukua kiti.