O na A Zikikutana: Maneno Mafupi ya Kiingereza Yanayoishi Garsen

Abiria anayeshuka kwenye matatu mjini Garsen, Tana Delta, hukutana na vitu ambavyo Kiingereza huviita kwa maneno mafupi, yote yakiwa na herufi mbili zilezile katikati. Barabara iliyomleta ni road. Mbuzi wa wafugaji wa Kiorma na Kiwardei ni goat. Mzigo uliofungwa juu ya bodaboda ni load, na kipande cha sabuni dukani ni soap. Mto Tana ukifurika na kukata njia, chombo kinachovusha watu ni boat. Na Pwani yenyewe, ambako mto huo unaingia Bahari ya Hindi huko Kipini, ni coast.

Kwa mtoto wa gredi ya kwanza, herufi hizo mbili ni mtego. Kiswahili kimemfundisha kwamba kila irabu ina haki yake: ndoa, mkoa, ondoa, poa. O husikika, kisha a husikika. Ndiyo maana mtoto anayesoma boat kama bo-at hajashindwa kusoma. Ametumia kanuni sahihi ya lugha anayoijua, kwenye lugha isiyoifuata.

Katika Kiingereza, jozi hii ni sauti moja, na a haisikiki kabisa. Anza kutamka o, na kabla haijaisha sogeza midomo kama unayetaka kusema u, kisha malizia t: hiyo ndiyo goat ya Wamarekani wengi. Wakenya wengi hutamka o moja tu bila kuielekeza kwa u, na Waskoti nao hutamka karibu hivyo. Cha kuangalia ni urefu. O ikikatwa mno, goat hugeuka got, na coat, yaani koti, hugeuka cot, kitanda cha mtoto. Hapa mtoto wa Kiorma anaweza kuwa na nafuu, kwa sababu lugha yake ya Kikushi hutofautisha irabu fupi na ndefu.

Kwa nini basi iandikwe a isiyotamkwa? Jibu limo katika historia. Zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, Waingereza walitamka mengi ya maneno haya kwa a ndefu: mbuzi alikuwa gāt, mashua ilikuwa bāt. Baadaye, kusini mwa Uingereza, a hiyo ikasogea hadi ikawa o iliyo wazi. Kufikia karne ya 16, uandishi wa oa ulikuwa umeenea, nao ulisaidia kutenganisha o hiyo na ile iliyoandikwa oo. Ndiyo maana boat na boot, yaani buti, hazichanganyiki kwenye karatasi.

Maana nazo zimesafiri. Road ilitokana na rād, mwendo wa kupanda farasi, na ni ndugu wa ride. Maana ya barabara ilikuja baadaye sana. Coast ilipitia Kifaransa kutoka neno la Kilatini lenye maana ya ubavu. Coach ilitoka Kocs, kijiji cha Hungaria kilichosifika kwa magari ya farasi. Katika karne ya 19 wanafunzi wa Uingereza wakampa jina hilo mwalimu wa kuwavusha mitihani, kisha likafika viwanjani. Kiswahili kilipoyapokea maneno ya namna hii, kiliiacha a na kuandika sauti: kocha, goli, boti, koti, tosti.

Mwalimu wa Tana Delta hahitaji kutafuta mifano mbali. Mafuriko yakipungua, wakulima wa Kipokomo hupanda kwenye udongo ulioachwa na mto, na udongo tifutifu ni loam. Kasia ni oar, kuelea ni float, kulowa ni soak. Povu la majini ni foam, chura mwenye ngozi yenye vinundu ni toad, na fungu la mchanga linalokwamisha vyombo ni shoal, neno linalotumika pia kwa kundi la samaki. Mtoto anayejifunza neno pamoja na kitu anachokiona kila siku hulishika upesi kuliko yule anayekariri orodha ya vitu asivyowahi kuviona.

Jozi hii pia ina tabia ya kuaminika. Hukaa mwanzoni mwa neno, kama oath, kiapo, au katikati. Mwishoni ni nadra. Huko Kiingereza hupenda ow, kama grow, au oe, kama toe. Ikifuatwa na r, sauti hubadilika: board, ubao, na roar, ngurumo ya simba, husikika kwa o ndefu isiyoelekea u.

Waasi ni wachache, na ni vyema mtoto awajue kwa majina. Broad, yaani pana, hutamkwa kwa o iliyo wazi. Cocoa huishia kwa oa, lakini husomwa koukou. Kisha kuna oasis, chemchemi ya jangwani, ambamo o na a hutengana, kila moja na silabi yake. Neno hilo mtoto wa Garsen atalitenganisha vizuri tangu mara ya kwanza kwa kanuni ileile aliyoizoea kwenye ndoa na mkoa, ingawa a yake hutamkwa ei.