Kisumu Ina Ukubwa Gani?

Ukiuliza Kaunti ya Kisumu ina ukubwa gani, serikali itakupa majibu mawili. Ripoti ya sensa ya mwaka 2019 inasema nchi kavu ya kaunti hiyo ni kilomita za mraba 2,085. Mpango wa maendeleo wa kaunti yenyewe umekuwa ukiandika 2,009.5, na kilomita 567 nyingine za maji. Tofauti ya nchi kavu ni kilomita za mraba 75 na ushei. Si haba hata kidogo. Kaunti Ndogo ya Kisumu Central, yenye bandari, soko la Kibuye, majumba ya Milimani na upande mmoja wa mtaa wa Nyalenda, haifiki kilomita za mraba 40. Kati ya kitabu kimoja na kingine, basi, wamepotea Kisumu Central wawili, na hakuna aliyekwenda kuripoti polisi.

Sidhani kuna aliyedanganya. Kaunti iliyopakana na ziwa haipimiki kama shamba lenye vigingi pembe nne, na ukitaka kuelewa ni kwa nini, heri uache vitabu ushuke Nyalenda. Mtaa huu uko kusini mwa mji, umebanwa kati ya Ring Road na kinamasi cha mafunjo kinachoshika ukingo wa ziwa. Juu ya barabara ni Milimani, wenye nyua na miti ya kivuli. Chini yake zinaanza nyumba za udongo na mabati, na ardhi inateremka polepole mno hivi kwamba mguu hauhisi. Maji ndiyo yanayohisi. Mabwawa ya kusafishia maji taka ya mji yamechimbwa Nyalenda, wala si kwa bahati mbaya: maji taka hufuata mteremko, na mteremko unaishia huku.

Ulalo huo una historia ndefu. Kisumu imekaa ndani ya mkono wa Bonde la Ufa uliochepuka kuelekea magharibi. Ardhi ilipasuka, kipande cha katikati kikadidimia, kingo zikabaki juu. Kaskazini na mashariki ukuta huo unaonekana wazi ukiwa mjini, ile milima ya Nandi inayogeuka samawati jioni. Kusini uko uwanda wa juu wa Nyabondo. Katikati, sehemu iliyozama imejaa maji upande wa magharibi, nayo ni Ghuba ya Winam. Upande wa mashariki imejaa tope, nao ni uwanda wa Kano. Mto Nyando umekuwa ukileta udongo kutoka nyanda za juu za Nandi na Kericho tangu zamani za kale, ukautandaza hapo tabaka juu ya tabaka. Ndiyo maana Ahero wanalima mpunga, na ndiyo maana Ahero hiyohiyo hutangazwa redioni kila msimu wa mafuriko.

Panda matatu ya barabara ya Bondo kuelekea Seme na utashuka kwenye nchi ya umri mwingine kabisa. Mawe ya Kit Mikayi, yale yanayosimama yamepandana kama yaliyopangwa kwa mkono, ni sehemu ya mwamba wa kale wa magharibi mwa Kenya, wenye umri unaozidi miaka bilioni 2.5. Udongo wa Kano, kwa kulinganisha, ni wa juzi. Kaunti moja, gavana mmoja, lakini mtu wa Seme akichimba kisima anagonga jiwe na mtu wa Nyalenda akichimba anapata maji kabla jasho halijamtoka.

Ziwa lenyewe nalo ni geni kuliko tunavyodhani. Watafiti walipotoboa tope la chini ya ziwa na kulichunguza, walikuta tabaka la udongo wa nchi kavu. Walikadiria kwamba miaka kama 17,000 hadi 15,000 iliyopita, nyakati za ukame mkali, Ziwa Victoria lilikauka, kisha mvua zikarudi likajaa upya. Si ajabu ukikumbuka kwamba ni bakuli pana lisilo na kina: eneo lake ni kilomita za mraba 68,800 hivi, lakini wastani wa kina ni mita 40, na palipo na kina kikubwa kabisa ni mita 80 na kitu. Karibu na Kisumu ghuba ina mita chache tu. Kenya yote ina asilimia 6 ya ziwa hili, na wengi wetu tunaishi kana kwamba ni letu lote.

Sasa watu. Sensa ya usiku wa Agosti 24 kuamkia 25, 2019 ilihesabu wakazi 1,155,574 katika Kaunti ya Kisumu. Wagawe kwa kilomita za sensa na unapata watu 554 kwa kila kilomita ya mraba. Ili kuonja uzito wa tarakimu hiyo, chukua kaunti ya mashambani huko Michigan, Marekani, inayoitwa Lake County. Kinyume na jina lake haigusi yale maziwa makuu. Iliitwa hivyo kwa vijiziwa vingi vilivyotapakaa misituni. Nchi kavu yake inakaribia kilomita za mraba 1,500, na sensa yao ya 2020 ilikuta watu 12,000 na kidogo. Ni watu 8 kwa kilomita. Wote wangeingia katika vichochoro vya Nyalenda na mwenye nyumba bado angekuambia chumba kipo.

Lakini 554 ni wastani, na wastani haukai popote. Huwezi kwenda mahali Kisumu ukakuta watu 554 wamesimama kwenye kilomita yao. Kisumu Central ilikuwa na watu 174,145, zaidi ya 4,600 kwa kilomita. Muhoroni, kaunti ndogo pana kuliko zote, ilikuwa na 154,116, takriban 230 kwa kilomita. Nusu ya maelezo ni miwa. Kiwanda cha kwanza cha sukari nchini kilianza Miwani mwaka 1922, na ukanda wote wa Miwani, Chemelil na Muhoroni ukageuka mashamba makubwa ambamo mmea umechukua nafasi ya binadamu. Seme na Nyakach ziko kati na kati, karibu watu 450 kwa kilomita: boma hapa, shamba la mtama pale, ng'ombe kwenye njia. Hiyo ndiyo Kisumu ya mashambani, na kwa eneo ndiyo sehemu kubwa ya kaunti.

Cha kushangaza zaidi kwangu ni kasi. Tunazungumza kila siku kuhusu Kisumu inayofurika watu, ila kati ya 2009 na 2019 kaunti ilitoka watu 968,909 hadi hao 1,155,574, ongezeko la asilimia 1.8 hivi kwa mwaka. Nchi nzima iliongezeka kwa asilimia 2.2. Kisumu, kama kaunti, inakua polepole kuliko Kenya. Mfuriko tunaouona ni wa ndani kwa ndani, na wale wengine waliozaliwa hapa wako Nairobi.

Kuna wakati mji ulikua kwa kalamu. Sensa ya 1969 ilihesabu watu 32,431 katika manispaa ya Kisumu. Ya 1979 ikahesabu 152,643. Mara tano kasoro kidogo kwa miaka kumi! Hakuna uzazi unaoweza kufanya hivyo, wala uhamiaji. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mpaka wa manispaa ulisukumwa nje mno, ukafika zaidi ya kilomita za mraba 400, theluthi yake ikiwa maji. Vijiji vilivyokuwa nje ya mji vililala vijiji vikaamka mitaa. Nyalenda ni mmojawapo.

Hili ndilo linaloutofautisha na mitaa ya mabanda ya Nairobi, na wageni wengi huwa hawalioni. Kibera imekaa kwa sehemu kubwa juu ya ardhi ya serikali. Nyalenda ni ardhi ya watu, yenye hatimiliki, ya familia zilizokuwapo kabla reli haijafika ziwani Desemba 1901. Ingia kwenye uchochoro wowote na utaona: safu ya vyumba vya kupangisha kumi au kumi na viwili, mlango ukitazamana na mlango, kamba za nguo katikati, halafu ghafla uwazi, ua wa mimea ya utomvu, nyumba ya mzee mwenye boma, ng'ombe wawili kwenye kigingi, na makaburi ya wazazi wake yaliyosakafiwa saruji. Vyumba ni mazao. Mzee aliyepanda mtama sasa amepanda wapangaji, na kwa kipimo cha shilingi hajakosea.

Wapangaji nao, muulize mmoja kwao ni wapi. Hatasema Nyalenda. Atasema Alego, Nyakach, Seme, Vihiga. Kwake Nyalenda ni nyumba. Nyumbani ni kule atakakozikwa. Sensa ya Kenya haijali hayo. Inauliza ulilala wapi usiku ule, na aliyelala Nyalenda ni wa Nyalenda, hata kama godoro lake na mawazo yake vina anwani mbili. Mgao wa fedha za kaunti hufuata jibu hilo, na ndiyo sababu kila baada ya miaka kumi wanasiasa huwasihi watu warudi vijijini wakahesabiwe huko.

Turudi kwenye maji, maana hapo ndipo hesabu ya watu na hesabu ya ardhi zinapogongana. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko ziwa. Hewa yake hupanda, upepo wa baridi hutoka majini kujaza pengo, unavuma juu ya mji na uwanda wa Kano mpaka unapokutana na upepo wa mashariki kwenye kuta za Nandi na Kericho. Hapo mawingu hupandana kwenda juu, na ifikapo alasiri kuna radi, na Kericho majani ya chai huchanwa na mvua ya mawe. Usiku mwelekeo hugeuka: upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani na mvua hunyesha juu ya maji. Kiasi cha asilimia 80 ya maji yanayoingia Ziwa Victoria ni mvua inayolipiga lenyewe. Mito yote kwa pamoja huleta yaliyobaki.

Kwa Nyalenda, kwa hiyo, mafuriko yana milango miwili. Mmoja ni wa mgongoni: mvua ya milimani hushuka na mito midogo kama Auji, unaopita Manyatta na Nyalenda ukielekea kinamasi cha Dunga. Mvua yenyewe huenda haikudondosha tone mtaani. Mlango wa pili ni wa mbele, nao hufunguka taratibu. Kati ya 1961 na 1964 ziwa lilipanda zaidi ya mita mbili. Mei 2020, baada ya miezi ya mvua nzito, kipimo cha Jinja, pale maji yanapotokea kuingia Nile, kilisoma mita 13.42, sentimita moja juu ya rekodi ya 1964. Mita moja ya kupanda si kitu kwenye mwamba wa Seme. Ila mahali ambapo ardhi hupanda mita moja kwa kila mita 400 za kutembea, mita hiyohiyo husukuma ukingo wa ziwa karibu nusu kilomita ndani. Ramani ya nchi kavu ya Kisumu ikichorwa mwaka mmoja na ikachorwa tena mwaka mwingine itatoa tarakimu mbili, na zote ni za kweli.

Na kabla ziwa halijafika mlangoni, limeshafika chini ya sakafu. Maji ya ardhini hupanda pamoja nalo. Udongo mweusi wa mfinyanzi ukishiba haunywi tena. Kwenye visima vya Nyalenda msimu wa mvua, kamba ya ndoo haihitaji urefu. Mtu anainama tu. Choo cha shimo jirani yake hakiwezi kuchimbwa kwenda chini, kwa hiyo hujengwa kwenda juu: kijumba cha mabati juu ya jukwaa la mawe, na ngazi tatu au nne za kupanda. Wachunguzi wa afya waliopima visima vifupi katika mitaa ya Kisumu wamekuta vimelea vya kinyesi mara nyingi, na hapahitajiki darubini kujua vimetoka wapi. Tangu miaka ya 2000 kampuni ya maji ya mji imekuwa ikiwauzia wenyeji wa Nyalenda maji kwa jumla, nao wakiyasambaza kwa mabomba na vioski, utaratibu uliosaidia sana. Maji ya kisima bado hutumika kufulia na kuogea, na mwisho wa mwezi hutumika kwa zaidi ya hayo.

Mafunjo ya Dunga yanazuia mengi: hukamata tope, hunywa mbolea iliyotoka mashambani, huhifadhi ndege ambao hawaishi popote pengine ila kwenye mafunjo. Ziwa likipanda hayafi yote, kwa kuwa mizizi yake hufungamana ikawa zulia linaloelea. Mafundi huyakata kusuka mikeka na viti. Yakikatwa yakiwa mabichi mno, au yakichomwa ili kupisha sukuma wiki, yanaacha uwazi, na uwazi kando ya mji wenye njaa ya nafasi haukai siku nyingi.

Chumba kilicho karibu na kinamasi huwa na kodi ya chini kuliko kilicho karibu na Ring Road. Anayefika Kisumu akiwa hana kitu huanzia kule chini, na akipata kazi hupanda kidogo kidogo kuelekea barabarani. Mwaka 2020 maji yalipoingia, wapangaji wa chini walibeba magodoro wakaondoka. Yalipopungua, wenye vyumba walipaka udongo upya juu ya alama ya maji ukutani, kodi ikashuka kidogo, na wakaja wengine ambao mwaka ule walikuwa bado Nyakach.